Retinopathi ya watoto njiti

Retinopathi ya watoto njiti ni ugonjwa wa macho unaowapata watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hasa wenye uzito mdogo sana.

Mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kukua takriban wiki ya 16 ya mimba na hukamilika karibu na wiki ya 40. Mtoto akizaliwa mapema, ukuaji huo hukatizwa. Baadaye huweza kuchipuka mishipa dhaifu inayovuja damu, kuacha makovu na kuivuta retina hadi ibanduke.

Theodore Terry wa Boston, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1942. Katika miaka ya 1950 ilithibitika kuwa oksijeni nyingi kupita kiasi huuchochea. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, alipofuka kwa sababu hiyo.

Ugonjwa una hatua 5. Za mwanzo mara nyingi hupona zenyewe. Hali kali hutibiwa kwa leza au sindano ya jicho. Baadhi ya watoto hubaki na makengeza au kutoona vizuri vitu vya mbali.

Mzazi hawezi kuzitambua dalili za mwanzo kwa kumtazama mtoto. Kwa hiyo njiti aliye hatarini apimwe na daktari wa macho takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa.