Kubadili Sura ya Programu kutoka Nje: Njia ya Tatu ya Kiswahili katika Windows, 1985–2007

Historia ya Kiswahili katika kompyuta kwa kawaida husimuliwa kupitia miradi miwili. Wa kwanza ni Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Wa pili ni wa kampuni ya Microsoft, ambayo mwaka huohuo ilitangaza nia ya kuzipatia Windows na Office sura ya Kiswahili. Masimulizi hayo ni sahihi, ila yanaacha kando programu nyingi ambazo miradi hiyo haikuzigusa: za uhasibu, za maktaba, za kumbukumbu za wanafunzi. Insha hii inahusu programu hizo, na njia iliyokuwapo ya kuzibadili sura bila ushiriki wa waliozitunga.

Uzito wa suala hili huonekana zaidi mbali na Dar es Salaam. Katika kata kama Didia, wilayani Shinyanga, Kisukuma ndicho kinachozungumzwa nyumbani, Kiswahili ni cha shule ya msingi na ofisi ya kijiji, na Kiingereza hufuata baadaye. Karani anayesoma neno "Cancel" kwenye kitufe yumo katika lugha yake ya tatu, na akibonyeza pasipostahili, kinachopotea ni kumbukumbu za watu wengine.

Kilinux ilifanya kazi kutoka ndani: OpenOffice ni programu huria, hivyo maneno yake yalitafsiriwa katika chimbuko lake. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha lugha kilichowekwa juu ya Windows ya Kiingereza na kubadili maneno ya mfumo wenyewe. Kifurushi hicho hakikufika kwenye programu za watungaji wengine. (Katika Windows XP, Kiswahili kilihusishwa na Kenya, hata kwa Mtanzania aliyekitaka.)

Njia ya tatu inatokana na muundo wa Windows. Tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, si dirisha kuu pekee linalohesabiwa na mfumo kuwa dirisha. Kitufe, kisanduku cha kuandikia na hata lebo ndogo ni madirisha pia, na kila kimoja huendeshwa kwa kupelekewa ujumbe. Ujumbe huo haulazimiki kutoka kwa mwenye dirisha. Programu ndogo ya nje inaweza kulitafuta dirisha kuu kwa amri ya FindWindow, kuvipitia vilivyomo kwa EnumChildWindows, kusoma maandishi ya kila kimoja, kisha kukipelekea ujumbe wa WM_SETTEXT wenye neno jipya. "Save" huwa "Hifadhi", na "Cancel" huwa "Ghairi". Faili la programu kwenye diski haliguswi. Programu ikifungwa na kufunguliwa, Kiingereza hurudi na kazi huanza upya. Menyu zina amri yake, ModifyMenu. Neno la Kiswahili likizidi upana wa kitufe hukatwa, hivyo mfasiri hulazimika kupanua kitufe na kusogeza jirani zake. Kazi ya isimu hugeuka useremala.

Katika matoleo ya awali programu zote zilitumia eneo moja la kumbukumbu, na ilikuwa rahisi programu moja kupokea ujumbe uliokusudiwa dirisha la nyingine. Windows NT ya 1993 na Windows 95 ziliipa kila programu mpya eneo lake. Ukuta huo haukuzuia kubadili maandishi, kwa kuwa mfumo wenyewe huyanakili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lakini aliyetaka kuzuia programu isirudishe neno lake la Kiingereza alilazimika kuingiza msimbo wake ndani ya programu ya mwenzake kwa SetWindowsHookEx. Hapo, kwa maoni yangu, neno "nje" linakosa maana.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na wanataaluma ya tafsiri ni kwamba maandishi ya dirisha si maelezo kwa msomaji tu; ni anwani pia. FindWindow inaweza kulitafuta dirisha kwa kichwa chake. Kichwa kikigeuzwa kuwa Kiswahili, programu saidizi iliyozoea kukitafuta kwa Kiingereza hailioni tena dirisha, na kazi yake husimama ingawa hakuna kilichoharibika. Mtunzi mwangalifu hutafuta kwa jina la aina ya dirisha, ambalo mtumiaji halioni na halitafsiriwi.

Mwaka 2002 ilionyeshwa hadharani kwamba ujumbe huohuo wa madirisha ungeweza kutumiwa kunyakua mamlaka ya programu yenye hadhi ya juu. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ilijibu kwa kuweka ngazi: programu ya ngazi ya chini haiwezi kupeleka ujumbe wa namna hii kwa programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Uamuzi huo ulikuwa na haki ya kiusalama. Hata hivyo, zilikuwapo programu za ofisi zilizotungwa kwa kudai mamlaka hayo, nazo zikabaki juu ya ngazi. Aliyetaka kuzivisha Kiswahili sasa alihitaji nywila ya msimamizi, nayo kwa kawaida haiko mikononi mwa karani.