Darasa Moja, Koo Nyingi

Katika madarasa ya Kapolowe na Likasi, huko Katanga, Kongo, mtoto wa Kilamba hukaa benchi moja na mtoto wa Kiluba wa Kasai. Mwalimu akifundisha kuwatii wakubwa, wote huitikia, lakini mkubwa wanayemwaza si yuleyule. Kwa Walamba ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Kwa Waluba wa Kasai hufuata upande wa baba. Somo lisilojua hayo huishia daftarini.

Shaba ndiyo iliyowakutanisha. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, na watoto wao wakasomeshwa na wamisionari Wakatoliki. Katekisimu ikawa ya wote. Rais Mobutu alipotaifisha shule katikati ya miaka ya 1970, siasa ya chama chake ilichukua nafasi ya dini. Mwaka 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi. Padri na chama walitafuta umoja kwa njia ileile: maneno yaleyale ya kukariri.

Mwaka 1992 umoja huo ulipimwa. Wanasiasa wa Katanga waliwaita watu wa asili ya Kasai bilulu, yaani wadudu, na maelfu wakafukuzwa majumbani mwao. Huko Likasi walirundikana kwenye kituo cha reli wakingoja treni. Waliowafukuza walikuwa majirani, watu waliosali nao.

Tanzania ilishika njia nyingine. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya Rais Nyerere, 1967, ilitaka maadili yafunzwe kwa jembe na kazi ya pamoja, na wanafunzi wengi wa sekondari walipelekwa bweni mbali na kwao. Nje ya shule, utani wa Wanyamwezi na Wazaramo uliendelea, ukiruhusu tofauti kutajwa bila chuki. Kenya hufundisha Ukristo, Uislamu na Uhindu kama masomo mbalimbali: kila mtoto huheshimiwa imani yake, ila wenzake hutengana naye hapohapo mazungumzo ya wema yanapoanza.

Kapolowe inahitaji heshima ya Kenya na ushirika wa Tanzania. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi shuleni. Basi mwalimu na aulize kwa Kiswahili: kwenu nani humwonya mtoto? Nani hupatanisha ndugu waliogombana? Kutokana na majibu hayo, darasa litunge kanuni zake. Mtoto aliyeulizwa kwa heshima habari za ukoo wake hujifunza kuuliza za mwenzake, na huyo hatakubali upesi kuambiwa kwamba jirani yake ni mdudu.