Vichaka vya Shinyanga na elimu iliyoletwa na mbung'o

Mbung'o aliwatesa wafugaji wa Tanganyika kwelikweli. Ng'ombe walikufa kwa nagana, watu kwa malale, na nchi nzima nzima zikaachiwa vichaka. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o huko Shinyanga tangu 1929, aliona kwamba huwezi kumpiga vita inzi huyu bila kukifahamu kichaka anamoishi.

Aliyekichambua kichaka hicho ni Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea. Burtt hakuishia kuorodhesha miti. Alitaka kujua ni mimea ipi huota pamoja, juu ya udongo gani. Ukiteremka naye mlimani, unaanza na miombo, unaingia kwenye migunga, na bondeni, kwenye mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika, unakuta nyasi na migunga mifupi yenye vinundu wanamoishi sisimizi. Mbung'o nao wamegawana makazi: Glossina morsitans ni wa miombo, na Glossina swynnertoni, aliyepewa jina la Swynnerton, ni wa vichaka vya migunga. Ukishajua mimea ya mahali, umeshajua na inzi wa kumwogopa.

Miaka hiyohiyo, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne alieleza jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kileleni hadi bondeni. Wasukuma, wenyeji wa Shinyanga, walikuwa na majina yao ya udongo huo tangu zamani: luseni kwa ardhi ya kichanga, mbuga kwa ile nyeusi ya bondeni. Ujuzi huo wa wakulima na wafugaji unastahili heshima kubwa kuliko iliyopewa.

Juni 1938, Swynnerton na Burtt walikufa katika ajali moja ya ndege. Maandishi ya Burtt kuhusu jamii za mimea za Afrika Mashariki yalihaririwa na C. H. N. Jackson, yakachapishwa mwaka 1942 katika jarida la Journal of Ecology. Mmea wa Burttia, unaoota kwenye vichaka vizito vya Itigi, umebeba jina lake.

Lakini elimu hiyo ilitumika kufyeka. Vichaka viliondolewa ili mbung'o akose kivuli, kisha mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza vilivyosalia, hata Shinyanga ikaanza kutajwa kama jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Uliofanikiwa zaidi ni utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili itumike kiangazi. Miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Burtt aliandika kilichokuwa kikiota pale kabla ya shoka. Maafisa misitu na vijiji vyenye ngitili wanaihitaji kazi hiyo kwa Kiswahili, na vyuo vyetu vina wataalamu wa kuifasiri. Waianze.