Daftari na Mwenye Daftari: Kampala, 1972

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaifundisha madarasani kama usia kwa mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake. Historia ya mji wa Kampala, hata hivyo, yatuonyesha jambo ambalo methali haikulitaja: mali yenye daftari nayo yaweza kupotea, na daftari lenyewe likatumika kuipoteza.

Tarehe 4 Agosti, 1972, Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Siku chache baadaye amri ikawaenea pia raia wa India, Pakistani na Bangladeshi. Mwisho ukawekwa tarehe 8 Novemba. Wengi wao walizaliwa papo hapo, wala hawakujua kwao pengine.

Kuhama nyumba ni kazi nzito hata kwa mtu anayehamia mtaa wa pili. Seuze kuhama nchi, na kila hatua yangoja muhuri! Waliojiita raia wa Uganda walitakiwa kwanza kuthibitisha uraia wao. Wakapanga foleni, wameshika pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, vyao na vya wazazi wao. Maelfu walikataliwa, na miongoni mwao wamo waliokuwa wameukana uraia wa Uingereza, ila hati ya kuukana ilifika baada ya muda uliowekwa kisheria. Hivyo mtu aliamka raia, akalala hana nchi.

Waliobaki na pasipoti za Uingereza nao hawakupata njia nyeupe. Tangu mwaka 1968 sheria ya Uingereza ilikuwa imewazuia wengi wao kuingia huko bila kibali maalumu, basi ikawalazimu kupanga foleni nyingine katika ubalozi. Kanada ilituma maofisa wake Kampala, ikawapokea maelfu. Wasio na nchi walisaidiwa na Umoja wa Mataifa, wakapelekwa katika kambi za Ulaya.

Palikuwa na fomu moja iliyowauma kuliko zote. Kwa amri ya mwaka 1972, kila aondokaye alipaswa kuorodhesha mali zake: duka, nyumba, shamba, bidhaa na madeni. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe yale atakayoyaacha. Kisha akashika njia ya Entebbe na fedha kidogo tu, akipekuliwa na askari katika vizuizi vya barabarani. Mali hizo zikatiwa mikononi mwa serikali, na mwaka 1973 ikaundwa bodi ya kuzisimamia. Nyingi ziligawiwa watu wengine, na maduka mengi yakafilisika.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wenyewe kuomba kurudishiwa mali zao, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa. Mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba mali ni yake. Hapo hati ya kiwanja iliyosafiri ndani ya sanduku, mwenyewe akiidhani karatasi isiyo kazi tena, ikasimama kuwa shahidi. Kwa upande wa pili, aliyekuwa amekaa katika nyumba hiyo miaka ishirini, akilipa kodi na kulea wanawe, akatakiwa ahame. Naye pia akaanza kuzunguka maofisini na karatasi zake.

Sisi walimu wa lugha huwafundisha vijana kujaza fomu na kuandika barua rasmi, tukisahihisha tarehe na anwani kwa wino mwekundu. Yafaa tuwafundishe pamoja na hayo kwamba nyuma ya kila fomu yupo mtu, na kwamba siku moja baadhi yao watakaa upande wa pili wa meza, muhuri u mkononi. Daftari huhifadhi habari za mali. Kumhifadhi mwenye daftari ni kazi ya binadamu.