Picha ya Kwanza Ilipigwa Tukiwa Tumeshakimbia

Leo tuongee kuhusu ramani. Najua mmenizoea nikiongea mambo ya maulidi, punda na bei ya samaki, lakini hili nalo linatuhusu, tena sana.

Walionifuata tangu mwanzo wanajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama. Kitu kimoja nilichotoka nacho huko ni kusoma picha za setilaiti. Basi mwezi uliopita nikasema wacha nijaribu nyumbani. Nitengeneze ramani ya mashamba yanayomwagiliwa maji hapa Lamu, visiwani na bara yake. Picha ni za bure, programu ni ya bure, kilichonigharimu ni bando tu.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Jani lenye afya hula mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ule ambao jicho letu halioni. Setilaiti inapima yote mawili. Ukichukua tofauti yake ukaigawa kwa jumla yake unapata namba. Ikikaribia 1 pana majani tele, ikishuka kuelekea sifuri ni mchanga au udongo mtupu. Sasa unangoja kiangazi, Februari hivi, kaskazi inapovuma na mvua za mwaka bado. Shamba la kutegemea mvua litakuwa limekauka. Linalobaki kijani ndilo linalopata maji ya mtu. Jirani zetu wa Mto Tana, skimu za Hola iliyoanza 1953 na Bura ya miaka ya 1980, hapo njia hii inafaa kabisa. Nchi kavu ya kahawia, katikati mistari ya kijani imenyooka kando ya mfereji.

Nikaleta Lamu. Wallahi nilicheka. Ramani yangu ikasema Lamu ni bustani ya umwagiliaji! Kumbe ile kijani yote ni mikoko, na sisi ndio wenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Nikaiondoa. Ikabaki minazi na miembe. Nikaiondoa nayo. Ikabaki vidoadoa upande wa Mpeketoni na Hindi, na pengine karibu ramani yote ikaandika kitu kimoja: kichaka.

Nikampelekea babu simu aone. Babu ni Mbajuni wa bara, alizaliwa Rubu, kaskazini huko kuelekea Kiunga. Akakodoa macho, akafuata ukingo wa pwani kwa kidole mpaka mahali mkono wa bahari unapoingia ndani. Akasimama hapo. "Hapa palikuwa na kisima chetu," akasema. "Na huku juu konde ya baba. Mahindi, mtama, ufuta, na pamba ya kuuza."

Mimi kwenye ramani nilikuwa nimepaandika kichaka.

Ndipo nikaanza kuuliza. Ramani yangu haikudanganya, leo pale ni kichaka kweli. Lakini kimekuwaje kichaka? Hapo sasa ndipo historia inapoingia.

Kwanza, watu wa bara ya Lamu hawakulima kama skimu. Unafyeka, unalima misimu michache, ardhi ikichoka unaipumzisha na kufungua pengine, halafu miaka ikipita unarudi. Konde iliyopumzishwa ina mwenyewe. Mkoloni hakuielewa hivyo. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye ardhi ajitokeze athibitishe, na isiyothibitishwa na mtu ikahesabika ya Serikali ya Mfalme. Mtu ambaye konde yake imepumzika ataonyesha nini? Ofisa akitazama anaona miti na nyasi. Akaandika tupu. Uhuru ulipokuja 1963, ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali mpya, na sisi tukabaki palepale bila karatasi.

Pili, vita vya shifta, 1963 mpaka 1967. Vijiji vya Wabajuni vya bara kama Rubu na Mvundeni vilihamwa. Watu walipanda mashua usiku na vyungu vyao, wakakimbilia visiwani, wengine wakashuka mpaka Malindi na Mombasa. Babu alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Anasema ufuta uliachwa shambani umeshakauka, unangoja kukatwa tu.

Sasa weka tarehe hizo kando ya tarehe za setilaiti. Desemba 12, 1970, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini la San Marco, karibu na Ngomeni, kusini yetu tu hapo. Wakaipa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Lakini ile ilikwenda kutazama nyota. Ya kutazama ardhi, Landsat ya kwanza, ilirushwa na Marekani Julai 1972. Mwaka 1972! Watu wa Rubu walikuwa wameshakimbia miaka mingi nyuma. Konde imeota miti. Ile kumbukumbu ya setilaiti ambayo wataalamu wengi wanaianzia kupima "ardhi ilikuwaje zamani" ilianza sisi tukiwa tumeshatoka kwenye picha.

Na hata kama tungekuwepo, nukta moja ya picha za setilaiti ile ilikuwa kama mita 80 kwa 80. Hiyo ni zaidi ya ekari moja na nusu. Konde ya ekari moja inamezwa na msitu unaoizunguka.

Tatu, mwaka 2015. Juni mwaka huo Ulaya ilirusha Sentinel-2, hii ninayoitumia mimi, nukta yake ni mita 10 kwa 10. Raha, sivyo? Septemba mwaka huohuo ikaanza Operesheni Linda Boni. Waboni wa Basuba na Mangai, na majirani zao, wakawa na hofu ya kwenda mashambani na msituni. Siingii leo kwenye mambo ya usalama, kila mtu hapa anajua tulikopitia. Ninachosema ni hiki: mara ya pili jicho limefunguka juu, na chini watu wamezuiwa na hofu kulima.

Utasema, wewe kijana, hayo ya kale yana faida gani? Faida yake ni hii. Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 mwaka 2011 na 2012. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000, karibu theluthi moja ya kaunti nzima. Ili ugawe ardhi kubwa hivyo lazima kwanza mtu aitazame aseme haina mtu. Na kesho akija mwekezaji anatafuta ardhi ya kumwagilia maji, hataanza na babu. Ataanza na ramani kama yangu.

Tena ramani yangu haioni wanaomwagilia leo. Mama wa Faza au Ndau anayechota maji ya mvua kwenye jabia, akanyeshea mchicha na pilipili kwa ndoo chini ya mwembe, hayumo. Kitalu chake ni kidogo kuliko nukta moja, na mwembe umemfunika. Wala haionyeshi kwamba maji yetu yana mpaka. Visima vya mji wa Lamu vinategemea mvua inayohifadhiwa na machuguu ya mchanga ya Shela. Ukivuta sana, bahari inaingia. Takwa kule Manda, mji ulihamwa miaka 300 na zaidi iliyopita, na wazee wanasimulia ni maji yaliyogeuka chumvi. Mpaka zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara pale. Ramani ya umwagiliaji isiyouliza maji yanatoka wapi itatupeleka palepale.

Na nieleweke, simlaumu mkulima wa Mpeketoni. Skimu ya Ziwa Kenyatta ilianza miaka ya 1970, watu walipewa viwanja, wakafanya kazi kwa jasho lao, na ziwa likipungua wakati wa ukame wao ndio wa kwanza kuumia. Viwanja vyao vina mistari iliyonyooka, kwa hiyo vinaonekana. Konde zetu hazikuwa na mistari. Tofauti ni hiyo tu, na si kosa lao.

Wala sisemi tuchukie setilaiti. Nasema tuishike sisi. Tangu 2016 kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoruhusu jamii kusajili ardhi yake, na mahali pa kuanzia ni kuonyesha mipaka. Kila kijiji kina kijana mwenye simu yenye GPS. Kila kijiji bado kina mzee mmoja au wawili wanaojua visima vya bara kwa majina. Hawa wawili wakae pamoja, wazee wakiwa hai. Wakifa, kitakachobaki ni ile picha ya 1972, nayo imeshasema tupu.

Mimi na babu tumeanza. Mpaka sasa tumeweka alama visima vinne, mbuyu mmoja na msikiti uliobaki kuta. Jana amenipigia simu mwenyewe, kakumbuka kisima cha tano.