Limfedema: mkono kuvimba baada ya saratani ya matiti

Neno uvimbe linabeba mambo mawili ambayo hospitalini hayana budi kutenganishwa. Donge lililojificha ndani ya titi ni uvimbe, hata kama titi lenyewe kwa kulitazama halijabadilika. Kifundo cha mguu kilichoteguka nacho kina uvimbe. Mtaani hakuna anayepata taabu. Taabu ni ya mama aliyekatwa titi, akamaliza dripu na mionzi, kisha miezi kadhaa baadaye akaona pete inambana na mkono wa blauzi haupandi. Akiandikiwa kwenye kadi "uvimbe wa mkono wa kushoto", yeye na dada yake aliyemsindikiza wanasoma jambo moja tu: ugonjwa umerudi.

Mara nyingi haujarudi. Kilichompata kinaitwa limfedema, jina lililoungwa kutokana na neno la Kilatini la maji maangavu na la Kigiriki la kuvimba. Damu inapopita kwenye vishipa vyembamba, sehemu ya majimaji yake huchujika na kuingia katikati ya seli.  Majimaji hayo, pamoja na protini, hukusanywa na mishipa ya limfu, hupitia kwenye tezi za kwapani, kisha humwagwa kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na mtulinga. Daktari wa upasuaji anapoondoa tezi hizo ili kuifuata saratani ilikofika, au mionzi inapozifanya ngumu, mkono unakuwa kama mtaa ambao mtaro wake umezibwa: mvua ni ileile, ila maji hayana pa kwenda.

Kati ya wanawake waliosafishwa kwapa lote kwa upasuaji, takriban mmoja kati ya watano hupata hali hii. Kwa waliotolewa tezi chache tu, zile zinazopokea limfu ya titi kwanza, ni karibu mmoja kati ya ishirini. Hapa Tanzania wengi hufika hospitali saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo kusafishwa kwapa lote si jambo la nadra.

Kiswahili hakikuanza juzi kuzijua tezi hizi. Mwenye kidonda cha mguuni akiota donge kinenani husema amepata mtoki. Ila mtoki ni tezi iliyokwisha kuvimba; ikiwa nzima haina jina la mtaani, na ndiyo maana vitabu vya biolojia vikaleta "tezi za limfu". Sioni sababu ya kuvikatalia. Tatizo ni ule mkono wenyewe tuuiteje.

La kwanza kupendekezwa na watu wa pwani huwa ni matende. Si pendekezo la kipuuzi. William Halsted, daktari wa Baltimore aliyeeneza ule upasuaji mkubwa wa titi uliokuwa ukichukua hadi misuli ya kifua, aliandika mwaka 1921 kuhusu mikono iliyovimba baada ya upasuaji, akaiita kwa Kilatini jina ambalo kwetu lingekuwa "matende ya upasuaji". Na kweli, katika hali zote mbili kilichoharibika ni mishipa ya limfu. Lakini matende ya kwetu yana minyoo na mbu ndani yake, na yana zile kampeni za kumeza vidonge mtaa kwa mtaa. Mama akiambiwa ana matende atatafuta vidonge hivyo, na majirani watamwona ana ugonjwa wa mbu. Halsted hakuwa na majirani wa namna hiyo.

Pendekezo la pili ni "mkono umejaa maji". Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu neno maji lina ushauri wake ndani. Ukisikia maji unafikiria kuyatoa: dawa ya kukojoza, kupunguza kunywa, au sindano ya kuyanyonya. Dawa ya kukojoza hupunguza maji mwilini lakini protini inabaki mkononi, na protini hiyo huyavuta maji tena. Kiu ndiyo itakayoongezeka, mkono utabaki ulivyo.

Kwa hiyo mimi ningeandika limfedema kwenye kadi, na kwa mdomo ningesema "mkono umevimba kwa sababu limfu haipiti". Kitenzi kinasaidia kuliko nomino. Mkono uliovimba ni hali, na hali hushughulikiwa. Uvimbe ni kitu, na kitu mtu hutaka kikatwe.

Kushughulikiwa huku kunaanzia kwenye kupima. Mtaalamu wa fiziotherapia huchukua utepe, uleule wa fundi cherehani, na kuzungusha kwenye kifundo cha mkono, kisha juu na chini ya kiwiko kwa nafasi zilezile mikono yote miwili. Tofauti ya sentimita 2 humfanya aandike. Halafu hubonyeza ngozi kwa kidole gumba. Shimo likibaki, na mkono ukipungua unapoinuliwa, bado ni mapema. Ngozi ikiwa imekuwa ngumu hata haibonyei, kazi ni kubwa zaidi.

Kinachofuata ni bandeji zinazofungwa tabaka kwa tabaka, masaji nyepesi sana ya kuielekeza limfu (ukibonyeza kama unakanda misuli umekosea), mazoezi, na baadaye soksi ya mkono inayobana, ya kuvaliwa mchana. Bandeji ya kujifungia nyumbani bila kufundishwa ni hatari. Ikibana juu kuliko chini unazidisha tatizo. Ngozi ipakwe mafuta isipasuke, na jikoni au shambani glavu zivaliwe. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, hayo ni maambukizi: aende hospitali siku hiyohiyo. Ukivimba ghafla, hasa kwa maumivu, apimwe kama kuna damu iliyoganda au saratani iliyorudi. Mara nyingi siyo, lakini kwa kukisia hakujulikani.

Kwa miaka mingi wanawake walikatazwa kubeba chochote kwa mkono huo. Hapana ndoo, hapana mtoto, hapana mbuzi ya kukunia nazi. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 141 waliokuwa tayari na limfedema. Walionyanyua uzito kwa kuanza na mdogo na kuongeza polepole, wakiwa chini ya uangalizi, mikono yao haikuvimba zaidi ya wenzao wasionyanyua, na hali yao ilizidi mara chache zaidi. Hiyo si ruhusa ya kuanza na ndoo ya lita ishirini.

Katazo lile la zamani limeacha jeraha begani. Mkono usioinuliwa hukaza, kovu la kifuani hujivuta, na bega huuma hata kufunga sidiria ikawa shughuli. Isitoshe, mionzi ya titi hupigwa mkono ukiwa juu ya kichwa. Bega lisilopanda huweza kuchelewesha tiba yenyewe. Wengine huliita "bega lililoganda", tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na mgonjwa akisikia kuganda atafikiria damu. "Bega limekaza" linatosha, na dawa yake imo ndani ya neno: kulegeza. Kutembeza vidole ukutani hadi palipofikiwa jana, kisha kidogo zaidi. Kuinua mpini wa ufagio kwa mikono miwili, ule mzima ukiusaidia mwenzake. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mazoezi yaliyopangwa na mtaalamu, yakianza siku ya 7 hadi 10 baada ya upasuaji, yaliwapa wanawake waliokuwa katika hatari kubwa ya kukaza bega mkono unaofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka.

Limebaki jambo moja lisilo na jina la Kiswahili. Baada ya upasuaji baadhi ya wanawake, wakinyanyua mkono, huona chini ya ngozi kamba nyembamba zilizokaza kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko. Mgonjwa atasema mshipa umevuta, lakini mshipa kwa Kiswahili unaweza kuwa wa damu, wa fahamu, au ngiri. Mimi ningeridhika na nyuzi za kwapani. Zinaonekana, zinashikika, na kwa wengi mazoezi ya kunyoosha huziachia ndani ya wiki au miezi michache.