Runinga ya asubuhi ilivyopanda na kushuka bila lugha ya mtazamaji wake

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutajia chakula cha asubuhi. Wapo wasemao kiamshakinywa, wapo wasemao kifunguakinywa, na ukikaribishwa staftahi Mombasa au Lamu, jua chai iko tayari. Huku bara tulienda mbali zaidi: tuliwafunza watoto shuleni chamcha na chajio ili pasiwe na mlo usio na jina. Hata hivyo, mojawapo ya vipindi vya asubuhi vilivyojulikana sana katika runinga za Kenya, kile cha Citizen, kiliitwa Power Breakfast. Jina lenyewe lilikwisha kumwambia mtazamaji ni nani aliyealikwa mezani.

Leo ningependa tuutazame mkasa wa kipindi hicho na wenzake kwa jicho la mwanahistoria wa lugha. Nitautazamia Migori na Homa Bay, si Nairobi. Vipindi vya runinga huandaliwa mji mkuu, na historia yake pia huandikwa huko. Lakini ukitaka kujua kama kipindi kilipendwa au kilivumiliwa tu, nenda ukamuulize mtazamaji aliye mbali na studio.

Runinga ilianza Kenya mwaka wa 1962. Mwaka wa 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1989 likarudia jina la KBC. Kwa miaka mingi runinga ilikuwa mambo ya jioni. Watu walikusanyika kwa jirani mwenye seti, wakaangalia Vitimbi na Vioja Mahakamani, kisha wakaenda kulala. Asubuhi ilikuwa ya redio, na hapakuwa na wa kuinyang'anya. Mvuvi aliyerudi ufuoni Mbita na mwalimu aliyejiandaa kwenda shule Awendo walisikiliza taarifa ile ile kabla jua halijachomoza sawasawa.

Wenzetu ng'ambo walikuwa wametangulia. Marekani ilianza kipindi cha Today tarehe 14 Januari 1952. Uingereza ilichelewa hadi Januari 1983, BBC ilipoanzisha Breakfast Time, na wiki mbili baadaye kampuni ya TV-am ikaingia ulingoni. Kisa cha TV-am kina funzo, nami nitakirudia hivi punde.

Hapa kwetu, mlango wa asubuhi ulifunguliwa na utangazaji huria. KTN ilianza mwaka wa 1990, ikionekana Nairobi na viunga vyake. Citizen na ile tunayoiita NTV zilifuata mwishoni mwa muongo huo. Stesheni zilipoanza kushindania watazamaji, kila saa iliyokuwa tupu ikageuka shamba la kulimwa, na asubuhi ikawa mojawapo. KBC ikawa na Good Morning Kenya, KTN baadaye ikaja na Morning Express, NTV ikaleta AM Live, nayo Citizen ikavuma na Power Breakfast, ambacho Jimmi Gathu alikuwa miongoni mwa waliokiongoza.

Kwa nini vipindi hivi vilipata mashabiki hata Rongo, Oyugis na Isebania? Sababu ya kwanza ni magazeti. Mtangazaji alipofungua kurasa na kusoma vichwa vya habari, mtu wa Sori au Sindo alivijua kabla gazeti lenyewe halijamfikia. Sababu ya pili ni siasa. Mwaka wa 2010 tulikuwa tukiijadili katiba mpya, iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti. Mwaka wa 2013 tukaingia katika ugatuzi, na ghafla Migori na Homa Bay zikawa kaunti zenye magavana, mabunge na bajeti zake. Watu walitaka kumwona kiongozi wao akihojiwa akiwa macho, si akihutubia akiwa juu ya gari. Sababu ya tatu ni hoteli zetu za barabarani. Stima ilipofika masokoni, mwenye hoteli alining'iniza seti ukutani, naye mteja wa chai ya shilingi ishirini akapata mjadala bila malipo.

Mimi nilizoea kusimama Rongo kila niliposafiri kwenda chuoni. Wageni studioni walikuwa wakinyukana kwa Kiingereza cha wanasheria. Kwenye meza za hoteli, ubishi uliendelea kwa Dholuo, tena mkali kuliko ule wa studioni. Dada wa kuhudumu alichukua oda kwa Kiswahili, maana hakujua nani katoka Kisii, nani Kuria na nani ni dereva wa lori anayeelekea Sirari. Na kila mara palikuwa na mtu mmoja, aghalabu mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri. "Huyu anasema korti imebatilisha," angesema, na meza nzima ingelipuka upya. Mzee huyo hakulipwa na mtu, lakini bila yeye kipindi kingekuwa picha za watu wanaofungua vinywa.

Hapo ndipo ninapouona ufa wa tangu mwanzo. Runinga za Kenya zilikwisha kuafikiana jambo moja la busara kuhusu jioni: saa moja taarifa ya Kiswahili, saa tatu taarifa ya Kiingereza. Mtu wa Ndhiwa alijua saa yake, na Nipashe ya Citizen ikawa sehemu ya chajio katika nyumba nyingi. Asubuhi haikupewa mwafaka kama huo. Majaribio yalikuwapo, tusiwanyime watu haki yao. K24 ilikiita kipindi chake Alfajiri, jina zuri kabisa. Citizen ilikuwa na Cheche, mjadala wa Kiswahili. Kampuni ya Nation ilikuwa na QTV, runinga iliyojipambanua kwa Kiswahili, katika miaka ambayo marehemu Ken Walibora alikuwa akisimamia ubora wa Kiswahili katika kampuni hiyo. Lakini kwa ujumla, meza kuu ya asubuhi ilibaki ya Kiingereza.

Mapigo yalipoanza kuja, yalikuja kwa mfululizo.

Pigo la kwanza lilikuwa la mitambo. Tarehe 14 Februari 2015, katika mvutano wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, NTV, KTN, QTV na Citizen zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Kampuni za habari zilitaka zirushe mawimbi yake zenyewe badala ya kutegemea wasambazaji wawili waliokuwa na leseni. Ziliporudi, antena ya zamani iliyofungwa kwenye mti wa mwanzi haikufaa tena peke yake. Sasa ilitakiwa king'amuzi. Mwenye hoteli alinunua, kwa sababu ilikuwa biashara. Mwenye nyumba kijijini alipiga hesabu ya karo, mbolea na king'amuzi, akaona redio ya betri inatosha.

Pigo la pili lilikuwa la siasa. Asubuhi ya 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika Bustani ya Uhuru, serikali ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN. NTV na KTN zilikaa gizani hadi tarehe 5 Februari, na Citizen hadi tarehe 8. Hakuna haja ya kumweleza msomaji siku hiyo ilimaanisha nini kwa watu wa Homa Bay na Migori, iwe alikiunga mkono kiapo kile au alikipinga. Walichotaka kukiona kuliko vyote kiliondolewa machoni pao saa ile ile walipokuwa wamekaa kukitazama. Wakaangalia kwenye simu. Na wengi waliohamia kwenye simu siku hiyo waligundua kwamba hawakuwa na sababu kubwa ya kurudi.

Pigo la tatu lilikuwa la pesa. Mwezi Juni 2016 kampuni ya Nation ilitangaza kwamba QTV ingeunganishwa na NTV, na QFM ingefungwa. Kwa kishindo kimoja, Kiswahili kikapoteza runinga na redio. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupunguza wafanyakazi katika vyumba vya habari karibu vyote. Machi 2024 serikali ikaagiza matangazo yake ya kibiashara ya redio na runinga yapelekwe KBC pekee. Kipindi cha asubuhi ni ghali: kinahitaji watu wanaoamka saa tisa usiku, magari ya kuwaleta wageni, na watayarishaji wanaosoma. Power Breakfast yenyewe iliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Day Break, jina jingine la Kiingereza. Viti vimebaki, watangazaji hodari wapo, lakini ule mshawasha wa mtu kukimbilia hoteli asipitwe na mjadala umepoa.

Sasa turudi kwa TV-am. Kampuni hiyo ilianza Februari 1983 ikiwa na watangazaji mashuhuri, akiwamo David Frost, na nia ya kuwafafanulia Waingereza mambo mazito ya dunia. Watazamaji wakakimbia. Kilichoiokoa kampuni, amini usiamini, ni kikaragosi cha panya kilichoitwa Roland Rat. Watoto walimpenda, wazazi wakabaki chumbani, na namba zikapanda. Miaka kadhaa baadaye kampuni ikapoteza leseni katika mnada wa mwaka wa 1991, ikafunga mwisho wa 1992. Sisemi tulihitaji panya. Nasema asubuhi ina lugha yake, lugha ya jikoni na ya mtu anayetafuta soksi. Anayetaka kuzungumza na watu saa hiyo sharti azungumze kama anayeketi nao.

Redio ililielewa hilo. Jambo Kenya ya Radio Citizen, na Gidi na Ghost asubuhi katika Radio Jambo, zilivuta umma kwa Kiswahili chepesi, na wakati mwingine kisicho safi sana kwa masikio yetu sisi walimu. Ramogi FM ilifanya hivyo kwa Dholuo. Kule kisiwani Mfangano, redio ya Ekialo Kiona ilithubutu kutangaza kwa Olusuba, lugha ambayo wengi walikwisha kuizika kabla haijafa. Redio nazo zilipigwa na pesa na siasa. Lakini msikilizaji aliyeweza kupiga simu na kusema lake kwa lugha yake hakuihama kirahisi.

Kuna wanaonijibu kwamba Kiingereza kilichaguliwa kwa sababu ya biashara: mwenye kutangaza bidhaa humtafuta mwenye pesa, na mwenye pesa asubuhi husikiliza Kiingereza. Hoja hii si ya kupuuza. Lakini mbona mwenye bidhaa huyo huyo hupanga foleni kununua dakika katika taarifa ya Kiswahili ya saa moja? Je, mtu anayeelewa Kiswahili jioni hukisahau akiamka?

Msomaji anaweza kuuliza: basi tumepoteza nini, ikiwa redio ipo na simu ipo? Kwa mtu wa Nairobi huenda hakuna kikubwa. Kwa Migori kipo. Kaunti ile ina Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wasomali wa biashara, na jirani mpakani ni Tanzania. Asubuhi hii ya leo, Mjaluo wa Uriri anasikiliza stesheni yake, Mkuria wa Kehancha anasikiliza yake, na vijana wa pande zote wanapokezana sauti zilizorekodiwa katika vikundi vya simu ambavyo jirani hayumo. Bajeti ni moja, gavana ni mmoja, hospitali ya rufaa ni moja, lakini mazungumzo ni mengi na hayakutani. Uvumi ukizuka katika kikundi kimoja, hakuna mwenyekiti wa kumuuliza aliyeuleta, "Umeyatoa wapi haya?" Kipindi cha asubuhi, pamoja na kasoro zake zote, kilikuwa na mwenyekiti, na kiliwaweka mahasimu kwenye kiti kimoja, wakatazamwa na Mjaluo na Mkuria kwa wakati mmoja. Kilichokosekana ni lugha ya kuwawezesha wote wawili kujibu. Lugha hiyo tunayo. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeiita lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Sidhani tutafufua enzi ya Power Breakfast, wala sioni haja. Lakini vyuo vyetu vinafundisha uanahabari na Kiswahili katika majengo yanayotazamana, na kamera sasa ni simu. Mjadala wa saa moja kila asubuhi, kwa Kiswahili, unaorushwa kutoka Migori au Homa Bay kwa redio na kwa simu kwa pamoja, hauhitaji mnara wa Nairobi. Unahitaji mtangazaji aliyesoma bajeti ya kaunti, aweze kulitaja kila fungu lake kwa Kiswahili ambacho muuza omena atakielewa, na amwachie nafasi ya kuuliza swali. Istilahi tunazo: makadirio, ukaguzi, zabuni, kubatilisha. Yule mwalimu mstaafu wa Rongo alizitumia miaka mingi, bila mshahara, akiwa ameshika kikombe cha chai.